Harara ya Watoto Wakati wa Kaskazi

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi, hasa ninyi mlio na watoto wachanga nyumbani, na ninyi waalimu mnaoshinda na watoto wadogo darasani, juu ya vipele vile vinavyowatoka watoto wakati wa joto. Wengine huviita harara, wengine husema vipele vya joto tu. Jambo hili laonekana dogo, na kwa kweli ni dogo. Walakini sisi wenyewe limetupata mara mbili: mara ya kwanza lilitugombanisha karibu na mkwe wetu, na mara ya pili lilikuwa karibu kumwua mtoto wa mtu mwingine kwa neno tulilolisema sisi. Tutaeleza yote mawili bila kujificha.

Wenye kukaa Korogwe wajua hali ya bonde letu. Mji uko chini, yapata mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya Mto Ruvu, ndio Pangani, na milima ya Usambara imesimama juu yetu. Mvua za vuli zikiisha na upepo wa kaskazi ukianza, tangu Desemba mpaka masika yaingie, joto la mchana hupita digrii 30, na usiku nao haupoi upesi, maana hewa ina unyevu. Jasho latoka, walakini halikauki. Handeni pako juu kidogo, usiku watu hupata hewa. Lakini mchana jua ni kali, na maji ya kumwogesha mtoto huwa hesabu ya nyumba nzima. Lushoto nako ni mbali kwa hali, ingawa kwa njia ni karibu. Huko ni yapata mita 1,400, na mwezi wa Julai mtu hulala chini ya blanketi mbili na asubuhi huota moto.

Tangu mashamba ya mkonge yalipofunguliwa watu wa milimani wameshuka bondeni kwa kazi na kwa biashara, wakaoa na kuolewa huku. Sisi kwetu ni Handeni, ni Wazigua. Mama wa watoto wetu ni Msambaa wa upande wa Lushoto. Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Korogwe mwezi wa Januari. Siku ya tatu mama mkwe alishuka kutoka milimani kuja kumtunza binti yake, kama ilivyo desturi, naye alileta furushi: blanketi ya sufu, kofia mbili za kufuma, soksi, na chupa ya mafuta aliyoyatengeneza kwa mkono wake. Mtoto alipakwa mafuta toka utosini hata nyayoni, akavikwa fulana, sweta, kofia na soksi, akazungushiwa khanga, na juu yake blanketi, akalazwa katikati ya kitanda. Na dirisha likafungwa kwa sababu ya upepo. Nyumba yetu ni ya mabati. Wazee wetu wa Kizigua walikaa katika nyumba za nyasi, na saa nane za mchana ndani mlikuwa na ubaridi wa kupendeza. Sisi tulioendelea twakaa chini ya bati, twajisifu, na jasho latutiririka. Tuliachie hilo.

Siku ya kumi mtoto alianza kulia bila kukoma. Alipovuliwa tuliona shingo yake yote imejaa vipele vidogo vyekundu, vimebanana kama punje za ulezi, na katika makwapa na mgongoni vivyo hivyo. Na penye paji la uso, chini ya ukingo wa kofia, vingine vidogo zaidi, vyeupe, kama matone ya umande. Mama mkwe aliona ya kuwa baridi imemwingia mtoto. Akaongeza mafuta, akaongeza khanga.

Wasomaji wetu wengi wafahamu jinsi mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Hatukuweza kumwambia, "Mama, mvue mtoto." Hata kuingia katika chumba kile tulikuwa tukibisha na kungoja nje. Tulinyamaza siku mbili, mtoto akilia, na jambo hilo latuuma hata leo, maana tulijali adabu zetu kuliko ngozi yake. Siku ya tatu tulifanya hila: tulisema ya kuwa kadi ya mtoto yataka kuandikwa, wakaenda wote watatu kliniki, nasi tukafuata nyuma.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mtu mzima, naye hakumkemea mtu. Alimwamkia mama mkwe, akamwuliza habari za milimani, kisha akamwambia, "Mama, hebu weka mkono wako hapa kisogoni, chini ya kofia." Mama mkwe akaweka. Mkono ulitoka umelowa. Akautazama, akasema, "Kumbe amelowa! Nami kila nikimshika vidole naona baridi." Muuguzi akajibu, "Vidole vya mtoto mchanga huwa na ubaridi hata akiwa na joto. Usimwulize mkono wala mguu. Uliza kisogo na kifua."

Neno hilo moja lilitufaa kuliko dawa yo yote. Mpaka leo twalifundisha kila tunapokwenda: mtoto ukitaka kujua kama aona baridi au joto, tia mkono kisogoni na kifuani. Kukiwa na joto la kawaida na kukavu, amevikwa sawa. Kukiwa na unyevu, mpunguzie nguo.

Kisha muuguzi akatueleza asili ya vipele vile. Mwili wa mtu una vifuko vya jasho wingi wake milioni 2 hata 4, na mtoto huzaliwa navyo vyote, vimebanana katika ngozi yake ndogo. Kila kifuko kina mrija mwembamba wa kutolea jasho nje, na mirija hiyo kwa mtoto mchanga haijakomaa, huziba upesi. Jasho likizidi na ngozi ikilowana muda mrefu, mdomo wa mrija hufungika, na jasho lililokusudiwa kutoka hubaki ndani. Likikwama juu kabisa, huonekana matone yale meupe yasiyowasha, ambayo hukauka yenyewe. Likikwama chini zaidi, hupenya katika nyama ya ngozi, napo pawa pekundu, pachoma, pawasha. Ndiyo maana vipele hupenda mahali penye mikunjo na mahali nguo inapobana: shingoni, kwapani, kinenani, chini ya kofia, na chini ya nepi yenye plastiki. Tena twaongeza tuliyoyaona wenyewe: kwa watoto wanaobebwa, vipele hutokea kifuani na tumboni, pale wanapogusana na mgongo wa mama ndani ya mbeleko, akienda kisimani au shambani jua likiwa kichwani.

Mwenye kufahamu sababu hiyo hana haja ya kuambiwa dawa, maana ataijua mwenyewe. Mafuta yazidi kuziba mirija. Kwa hiyo mtoto mwenye harara asipakwe mafuta ya nazi, wala ya mgando, wala mengine mazito, mpaka ngozi ipone. Jambo hili ni gumu kwa akina mama zetu, kwa kuwa mtoto asiyepakwa mafuta huonekana kama hana mwenyewe. Poda nayo haisaidii: hushikamana na jasho ikawa kama udongo mikunjoni, na vumbi lake mtoto akilivuta lamdhuru kifuani. Dawa kali za kupaka zinazouzwa madukani, zile ambazo mwuza duka husema zatibu kila ugonjwa wa ngozi, tusiziguse kabisa. Nyingi zina dawa ya kulaza ngozi ambayo kwa mtoto mchanga hupenya ndani ya mwili na kuikondesha ngozi yake. Kama mtoto amekua kidogo na awashwa sana, yuko muuguzi atakayesema kama inafaa kumpaka kalamini, ile dawa ya maji mazito ya rangi ya waridi.

Hoja yenyewe ni kumpoza. Avuliwe, abaki na fulana moja nyepesi ya pamba, au nepi ya kitambaa tu mchana wa joto. Alazwe mahali penye hewa, dirisha likiwa wazi, chini ya chandarua, maana hewa ikiingia na mbu waingia. Aogeshwe kwa maji safi yenye uvuguvugu mdogo, siyo ya baridi ya kumshtua, na sabuni kidogo au pasipo sabuni. Kisha asisuguliwe, bali aguswe-guswe kwa kitambaa laini hata mikunjo ikauke. Kucha zake zikatwe, na vipele visitumbuliwe. Kwa kawaida, ngozi ikipoa na kukauka, baada ya siku mbili tatu harara hufifia yenyewe. Wa kwetu alitakata siku ya nne.

Ndugu zetu wa Handeni watatuuliza, "Maji hayo mwayasemea wapi?" Twajua. Ni jambo la kusikitisha kidogo ya kuwa maji ya bomba la Handeni yatoka huku huku Korogwe, katika Mto Ruvu, kwa mradi uliojengwa katika miaka ya 1970, na kwa miaka mingi hayakuwatosha watu. Lakini harara haitaki pipa. Bakuli moja ya maji safi na kitambaa cha pamba vyatosha: kitambaa kichovywe, kikamuliwe, kipitishwe shingoni, makwapani, kinenani, kisha ngozi ikaushwe. Likifanywa hivyo asubuhi, mchana na jioni, lafaa kuliko beseni zima mara moja kwa siku. Jasho la shingoni na maziwa yaliyotiririka hapo visiachwe vikauke pamoja.

Lakini mtu asitusikie nusu. Mtoto aliyezaliwa leo ahitaji joto, alazwe kifuani mwa mama yake, wala asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Na mtoto aliyezaliwa mdogo kuliko kawaida, au kabla ya wakati wake, asivuliwe ovyo pasipo shauri la wauguzi. Mama mkwe hakuwa mjinga. Baadaye, mambo yalipotulia, alitupa habari ambayo hata binti yake hakuijua vema: ya kuwa alizika mtoto wake wa pili huko milimani, aliyekufa kwa homa ya mapafu, mwezi wa Julai. Blanketi ile ilikuwa na sababu yake. Ilikosea mahali tu.

Neno jingine juu ya kunyonya. Siku za joto wengi humpa mtoto mchanga maji ya kunywa, wakimhurumia. Mtoto asiyefikisha miezi sita asipewe. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata katika joto la Korogwe, na maji yetu ya visima na madumu mara nyingi humletea kuhara. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji ya kutosha.

Sasa twaja kwenye habari ya pili, ambayo kuiandika ni vigumu.

Baada ya mambo ya mtoto wetu tulikuwa kama wataalamu. Kila tulipokwenda katika vijiji vya Handeni, akina mama walituletea watoto baada ya ibada, nasi tulitazama shingo zao, tukasema, "Ni harara, mvue, mwogeshe," na watoto wakapona. Tulifurahi kusikia jina letu likitajwa. Mwezi wa Februari mmoja, katika kijiji ambacho hatutakitaja, mama kijana alituletea mtoto wa miezi saba. Tulitazama: vipele shingoni, vipele pajini, harara kabisa. Mama akasema, "Lakini mwalimu, mwili wake wachoma tangu jana." Tukamjibu kwa kucheka, "Nani asiyechoma leo? Hata sisi twachoma. Ni harara tu." Akaenda zake ameridhika, maana mwalimu amesema.

Siku ya tatu mtoto alishikwa na degedege. Walimpakia pikipiki usiku, mama amemkumbatia katikati, hata hospitali. Kipimo kilionyesha malaria, tena damu yake ilikuwa imepungua mno, akaongezewa damu usiku ule ule. Tulipopata habari tulikwenda asubuhi. Mama yake alisimama alipotuona, akatuamkia kwa heshima kama siku zote, kisha akasema kwa sauti ya chini, wala si kwa hasira, "Si ulisema ni harara tu, mwalimu?"

Mtoto alipona. Lakini tufikirini jambo hili. Vipele tulivyoviona vilikuwa harara kweli, hatukukosea hapo. Tulikosea kwa sababu tulilijua jambo moja, tukalitumia kulifunika la pili. Harara haileti homa. Mtoto mwenye harara na homa ana mambo mawili, na la pili lapasa kutafutwa siku hiyo hiyo, wala si kesho. Na katika nchi yetu la kwanza kuulizwa ni malaria. Korogwe wenyewe waijua vizuri: kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa huku, pamoja na wa Bagamoyo, walikuwa katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyofanywa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Shirika la Afya Duniani likaikubali chanjo hiyo itumike mwaka 2021. Watoto wa bonde hili wamewafaa watoto wa mahali pengi. Nasi tuliokaa karibu nao tulisahau kuuliza habari ya homa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kusema neno harara, twauliza kwanza: Je, ana homa? Anyonya? Achangamka? Mtoto mwenye homa, au anayekataa titi, au anayelala mno na kulegea, apelekwe kituo cha afya, na kama hajafikisha miezi mitatu asingojewe hata saa moja. Vipele vikitoa usaha, au ngozi ikivimba na wekundu ukaenea, ni kwamba vijidudu vimeingia penye kukunwa, napo pataka dawa ya muuguzi. Vipele vikiwa kati ya vidole na viganjani, na vyawasha usiku, na wengine nyumbani wajikuna, huo ni upele, na nyumba nzima yapasa kutibiwa. Vikianza nyuma ya masikio na usoni, pamoja na homa kali, kikohozi na macho mekundu, ndiyo surua. Na madoa mekundu au ya zambarau yasiyopotea rangi ukiyabonyeza kwa kidole au kwa gilasi ni ya kukimbia nayo hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Tumesema ya watoto wachanga. Waalimu nao wasikilize kidogo. Darasa la watoto 60 chini ya bati, saa saba ya mchana, mwezi wa Februari, na nusu yao wamevaa sweta za shule zilizofumwa kwa nyuzi za nailoni! Tumewaona watoto wakijikuna shingo kwenye ukosi mpaka damu. Sweta ni nzuri Lushoto. Bondeni mtoto aruhusiwe kuvua, ukosi wa shati ufunguliwe kifungo kimoja, na wanaocheza juani wanawe shingo na uso kabla ya kuingia darasani. Hakuna sheria inayovunjwa kwa kifungo kimoja.

Na sisi wa kanisani tusijitoe. Kwa miaka mingi tulibatiza watoto wachanga karibu na saa sita za mchana, baada ya hotuba ndefu, nao wamevikwa magauni meupe ya nailoni yenye lesi ngumu shingoni, kofia, soksi, na shali juu. Wengi walilia, nasi tukaona ni kawaida ya watoto kulia. Siku moja mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kwa ubatizo wa mtoto wetu wa tatu, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Mtoto wa jirani alipolia sana, mama mkwe alinyosha mkono bila kuuliza, akautia kisogoni mwa mtoto yule chini ya kofia, akautazama, akamvua kofia mbele ya watu wote. Mtoto akanyamaza. Tangu mwaka ule, kuanzia Desemba mpaka Machi, watoto hubatizwa kwanza, asubuhi, na milango yote ikiwa wazi. Magauni ya nailoni bado yaja. Juzi tuliona mawili.

Yule mtoto wa Handeni sasa ni wa darasa la pili. Twakutana naye kila tunapokwenda kijijini kwao, na mara nyingi mwezi wa Februari amevaa sweta, jasho lamtoka. Humwambia avue. Huvua kwa adabu, akaifunga kiunoni, akatuaga. Akifika penye mwembe wa njia panda huivaa tena, maana wenziwe wote wamevaa.